Malalamiko: Karatasi Yenu Ndiyo Iliyoniambia Nikate

Kongowea,
Mombasa.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi Meneja,

MINT: WAYA WA GPS "WA GARI NA PIKIPIKI" NA KIFAA CHANGU KILICHOUNGUA

Mimi hupeleka mizigo midogo kwa pikipiki, Kongowea hadi Mtwapa, na siku nyingine navuka feri kwenda Likoni. Simu naihitaji kwa wateja na M-Pesa, tena nikiifunga kwenye usukani jua la saa saba huipasha moto mpaka ikajizima. Kwa hiyo shemeji yangu alipouza gari lake akanipa GPS, kile kifaa cha kuonyesha njia, nilishukuru sana. Waya wake tu ndio uliokosekana. Ulikwenda na gari.

Kwanza nilitumia waya wa kawaida wa kompyuta, nikauchomeka kwenye pawabenki. Kifaa kikadhani kimeungwa na kompyuta, kikanionyesha picha ya kompyuta badala ya ramani. (Baadaye fundi alinieleza kuwa kichwa cha waya ule kina pini tano, na kwenye waya wa gari ile ya nne hufungwa kwa namna ya kukijulisha kifaa kwamba kinapewa chaji tu.) Ndipo nikaja dukani kwenu nikanunua wenu kwa shilingi 1,200. Juu ya boksi mmechora gari na pikipiki, bega kwa bega.

Pikipiki yangu haina tundu la kuwashia sigara, ambamo plagi ya waya huu huchomekwa kwenye gari. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, upande wa Kiswahili, inamwambia mwenye pikipiki akate plagi, kisha aunge waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Nikafanya vivyo hivyo. Kioo kiliwaka mara moja, kikazima, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Hakijawaka tena hadi leo.

Nilikwenda kwa fundi wa umeme wa pikipiki pale Mwembe Tayari. Hata kifaa hakukigusa. Aliuliza iko wapi plagi niliyokata. Bahati nilikuwa nayo mfukoni. "Ami," akaniambia, "hii uliyoikata ndiyo uliyoinunua. Huo uliobaki ni waya tu."

Akaifungua mbele yangu. Ncha ya mbele ndiyo chanya, na nyuma yake mna fyuzi ndogo ya kioo. Vibati viwili vya ubavuni ndivyo hasi. Katikati kuna kibao chenye koili na kapasita, na kazi yake ni kuushusha umeme wa betri hadi volti 5. Wenyewe mmeandika hivyo ubavuni mwa plagi, kwa herufi za kutafutia miwani: unaingia volti 12 hadi 24, unatoka volti 5. Fundi akapima betri yangu: injini ikiwa imezimwa 12.6, ilipowashwa 14.1. Anayeifuata karatasi yenu basi anakimiminia kifaa cha volti 5 umeme unaokaribia mara tatu ya huo.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko kifaa. Ukikata plagi umetupa na fyuzi. Waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri, ukisuguana na fremu kwa mtikisiko wa barabara zetu mpaka ngozi yake ikachubuka, hauna cha kuukata umeme. Utaungua hapo ulipo, chini ya tangi la petroli, nami nimekaa juu yake.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu na simlaumu, ila alipouona waya alisema dhamana imekufa kwa sababu umekatwa. Nikampa karatasi. Akaisoma, akanyamaza, akaingia ndani kumwita mkubwa wake, na mkubwa akaja na jibu lile lile. Sasa Meneja, nikate au nisikate?

Msije mkasema waya uliharibikia mikononi mwangu. Plagi ileile fundi aliitoa kibao, akalehemu waya wa betri upande wa kuingilia na ule niliokata upande wa kutokea. Kabla ya kuchomeka chochote alipima: 5.1. Akakiweka kibao ndani ya kikopo cha plastiki, akakijaza silikoni kwa ajili ya mvua na chumvi ya hewa ya huku kwetu, akakificha chini ya kiti. Fyuzi ya ampea 2 akaiweka karibu kabisa na chanya ya betri, na umeme akaupitishia kwenye swichi ya ufunguo ili betri isinyonywe usiku kucha. Saa moja tu, shilingi 500. Tukaazima GPS ya dereva wa pale jirani, tukaenda nayo hadi Nyali na kurudi, ikafanya kazi vizuri. Waya wenu hauna kosa. Kosa ni mistari miwili ya karatasi.

Nataka mnilipe shilingi 9,500, bei niliyoulizia ya GPS kama ile iliyokwisha tumika, pamoja na hizo 500 za fundi. Nataka pia karatasi hiyo iondolewe kwenye maboksi yaliyobaki, na tangazo libandikwe kaunta, kwani si mimi pekee niliyenunua. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike na bidhaa, usalama wake kulindwa, na kufidiwa akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Nisipopata jibu la maandishi kwa siku 14, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Yangu hayazidi sehemu ya mia ya hizo.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya karatasi yenu pande zote mbili, na picha za plagi ikiwa wazi. Kifaa kilichoungua nitakileta mkinihitaji. Karatasi yenyewe siiachi kaunta; mtaisomea mkononi mwangu.

Wenu,
Mteja, mwendesha pikipiki wa Kongowea