Nyumba imekuwa wodi: barua kwa wanangu mnaouguza Lamu

Wanangu na wajukuu zangu wa Mkomani na Langoni, wa Shela na Matondoni, na nyinyi wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini mnaovuka bahari kufuata dawa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua hii ni yenu mnaouguza wagonjwa wa saratani wanaomeza dawa nyumbani. Wagonjwa wetu nawaombea dua usiku na mchana, lakini maneno haya ni ya yule anayetoa kidonge kwenye pakiti, akamimina maji, akasimama pale mpaka kimemezwa. Wengi wenu ni vijana. Mmekuwa mkinijia barazani baada ya laasiri, pakiti mkononi, mkiniuliza, "Bibi, hii anameza vipi?" Nikaona afadhali niandike, isomwe na wote.

Marehemu mume wangu alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Baada ya kupasuliwa aliandikiwa vidonge vya saratani viitwavyo kapesitabini, mizunguko minane, kila mzunguko wiki tatu: siku 14 anameza asubuhi na usiku, siku 7 anapumzika. Tulirudi kutoka Mombasa tuna furaha kama watu watokao harusini. Hakuna dripu, hakuna kulazwa, hakuna safari ya zaidi ya kilomita 300 kila mara kwenda kuchomwa sindano. Vidonge tu! Nikaviweka kwenye kidaka cha chumbani, pamoja na Panadol na dawa yake ya presha. Karatasi ya maelezo tulipewa, ya Kiingereza, na hakuna aliyeketi nasi akatusomea.

Sikujua kwamba kidonge hicho kikishaingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, dawa ileile ambayo madaktari wamekuwa wakiitia kwenye mishipa ya wagonjwa tangu miaka ya 1960. Ukali wake haupungui kwa kuwa imekuja ndani ya pakiti. Anayetiwa dripu ana muuguzi pembeni anayemtazama uso. Anayemeza nyumbani ana wewe.

Mzunguko wa pili, siku ya kumi, mume wangu alianza kuendesha. Hakuniambia. Nilimwona alfajiri akirudi chooni ameshika ukuta, nikamuuliza, akasema ni chakula tu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamkuta amekaa kwenye ngazi, midomo imekauka, na nilipombana akaniambia, "Nastahamili." Usiku ule, wanangu, nilimpa dozi yake kama kawaida. Nilikuwa na hofu kwamba tukikosa hata siku moja saratani itarudi. Kesho yake tulimshusha gatini kwa mkokoteni, hajui yuko wapi, na figo zake zilikuwa zimeanza kulegea kwa kukosa maji. Alhamdulillahi alipona, akapunguziwa dozi, akamaliza mizunguko yote, na Mola alimchukua miaka baadaye kwa maradhi mengine. Lakini dozi ile ya usiku wa siku ya tatu, niliyompa kwa mkono wangu, naikumbuka mpaka leo.

Mfamasia ndiye aliyenifunza baadaye, nami nawapa nyinyi kabla hayajawafika: mgonjwa wa kapesitabini akienda choo mara nne zaidi ya desturi yake kwa siku, au akiamshwa usingizini na tumbo, dawa inasimamishwa palepale na kliniki inapigiwa simu. Kusimamisha huko si kuacha matibabu, daktari mwenyewe ndivyo anavyotaka. Ataamua airudie lini na kwa kipimo gani. Siku mbili tatu za kungoja hazimharibii mgonjwa tiba yake, bali dozi moja juu ya mwili uliokwisha maji yaweza kumtoa roho. Vivyo hivyo akishikwa na maumivu ya kifua: simamisheni, mwende hospitali saa ile ile. Na wako watu ambao mwili wao una upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja dawa hii, basi vidonda vya kinywa na kuhara huwajia vikali siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza msiwe mbali naye.

Maji apewe kidogo kidogo, na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, ziwepo nyumbani kabla hazijahitajika. Najua mtakimbilia dafu. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni kidogo, na anayeharisha anapoteza chumvi. Halishiki nafasi ya ORS.

Nataka nikae kidogo kwenye neno lile, kustahamili. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima hasemi ya tumbo lake wala ya choo chake mbele ya watoto. Hiyo ni sitara, nami naiheshimu. Lakini subira mbele ya Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na kumficha daktari ni jambo jingine. Babu yako hatakwambia. Mama mkwe wako hatakwambia. Usimuulize "U hali gani?" maana atajibu "Salama," kama tunavyojibu wote hata nyumba ikiwaka. Muulize jambo moja moja: umekwenda choo mara ngapi tangu usiku? Kinywa kinawasha? Nyayo zinauma ukikanyaga? Ikiwa ni baba na binti, na aibu ni kubwa, mtafuteni mjukuu wa kiume amuulize. Kisha andikeni kwenye daftari, tarehe na idadi. Daktari anayeliona daftari huamua kwa dakika mbili.

Sasa homa. Kwetu pwani homa ni malaria, na mtu hupewa Panadol, akajifunika shuka, akangojwa mpaka asubuhi. Kwa huyu mgonjwa msifanye hivyo. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na askari wakiwa wachache kidudu kidogo humshinda mtu kwa muda wa saa chache. Nunueni themomita. Ikisoma 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, ni safari ya hospitali usiku huo huo, hata ikibidi kumwamsha nahodha. Msimpe Panadol kwanza, kwa sababu itaishusha homa na kuficha hatari bila kuiondoa. Na mkifika, neno la kwanza kwa muuguzi liwe, "Anameza dawa ya saratani." Apimwe malaria, naam, lakini apimwe na damu yote kuona chembe nyeupe zimebaki ngapi. Malaria ikikosekana msikubali kurudishwa nyumbani kabla damu hiyo haijatazamwa.

Nyinyi wa Faza na Kizingitini, kusi likivuma sana katikati ya mwaka na boti zikakaa, homa haitangoja bahari itulie. Zungumzeni na kliniki mapema: nani wa kupigiwa, kituo gani cha karibu kina dawa za kuanzia. Na vidonge vifuatwe wiki moja kabla havijaisha.

Jambo la saa limewatatiza wengi kuliko mnavyodhani. Kijana mmoja aliniletea pakiti iliyoandikwa 8 na 8. Alikuwa akimpa mama yake saa nane mchana na saa nane usiku, akimwamsha maskini usingizini, na tumbo tupu. Aliyeandika alikusudia saa 2 asubuhi na saa 2 usiku! Mkiwa bado kliniki, mwambieni mfamasia ataje saa kwa Kiswahili, na muandike wenyewe kwa kalamu juu ya boksi. Tena mtazame siku. Wazee wetu wakisema usiku wa Jumatatu wanakusudia usiku unaoamkia Jumatatu, na aliyezaliwa juzi anakusudia usiku wa baada yake. Katika hesabu ya siku 14 hilo linaweza kuongeza au kupunguza dozi. Bandikeni kalenda ukutani, mkate msalaba kila dozi ikimezwa.

Kapesitabini humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa maji. Lakini jirani yenu mwenye saratani ya tezi dume akiwa anameza abirateroni, yeye hutakiwa tumbo tupu: asile saa mbili kabla na saa moja baada. Kwa hiyo masharti ya jirani msiyachukue. Anayemeza imatinibu, ya saratani fulani ya damu, ale kwanza, anywe maji bilauri nzima, na aache kabisa mabalungi na madanzi, maana matunda haya huzuia utumbo usiivunje dawa, ikapanda mwilini kupita kipimo. Dada anayemeza tamoksifeni, ya saratani ya matiti, kwa miaka 5, pengine 10, aangalie mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma. Hayo hayangoji kliniki ya mwezi ujao. Na ikiwa kuna metotreksati ya kumezwa siku moja kwa wiki, siku hiyo iandikwe kwa herufi kubwa. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku.

Dozi ikisahaulika, iacheni ipite, mshike inayofuata kwa wakati wake. Msimpe mbili kufidia. Akitapika, msirudie.

Mikono na nyayo. Kapesitabini huzifanya ziwe nyekundu, ziwashe, zichubuke. Apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na usiku, asitie mikono kwenye maji ya moto, avae ndara laini, asikanyage mchanga wa mchana peku. Mafundi wetu wa kuchonga milango na wavuta kamba za jahazi wapumzike kazi hiyo, kwa kuwa msuguano ndio unaochubua. Na harusi zikija, kina mama, msimpake mgonjwa piko. Ngozi hiyo haiwezi kuistahamili. Malengelenge yakitoka, au akashindwa kutembea kwa maumivu, ni simu tena na dawa kusimama. Jambo jingine ambalo hamtaambiwa: dawa hii yaweza kufuta alama za vidole. Mashine ya vidole ikimkataa mzee wenu, msifadhaike, mwombeni daktari barua.

Kinywa kikitoka vidonda, chemsheni maji lita moja, yapoe, tieni kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea (baking soda), asukutue mara kadhaa kwa siku na kutema. Pilipili, ukwaju na achari viwekwe kando. Bokoboko laini litamshukia vizuri kuliko mkate wa mofa.

Kuhusu habbasoda, mwarobaini na dawa za kuchemsha, sitawakemea, nimekua nazo. Lakini ini linalosafisha mitishamba ndilo linalosafisha dawa ya hospitali, kwa hiyo kila kitu anachokunywa kipelekwe kliniki kikatajwe. Hata vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki vyaweza kuzidisha ukali wa kapesitabini, na anayemeza wafarini ya kuzuia damu isigande pamoja na kapesitabini anaweza kutokwa na damu ovyo.

Ramadhani ikikaribia wazee wengi watataka kufunga na kuhamisha dozi kwenye futari na daku. Dozi hizo zinataka nafasi ya kama saa 12, na chakula, na maji ya kutosha mchana. Wasomeeni Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, ambamo Mola amempa mgonjwa ruhusa, na aliyekata tamaa ya kupona alishe maskini kwa kila siku. Mume wangu alilia siku ya kwanza ya kula mchana. Nilikaa nikala naye.

Vidonge msivikate wala kuvisaga. Vaeni glavu kuvishika, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiviguse kabisa, wala asisafishe matapishi na choo cha mgonjwa. Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Vidonge vikae ndani ya pakiti yake, mahali pakavu. Kidaka chenye unyevu wa bahari, tena mtoto anakifikia, si mahali pake.

Vikibaki, virudisheni hospitali. Mume wangu alipomaliza, jamaa alikuja kuniomba vilivyosalia ampe dada yake, na ilikuwa uchungu kumnyima, maana pesa za kununua hawakuwa nazo. Lakini kipimo huhesabiwa kwa uzito na urefu wa mtu, na saratani yake ilikuwa nyingine. Nilikwenda naye kliniki badala yake, tukaomba msaada pamoja. Na wewe unayempa mgonjwa nusu dozi ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, mwambie daktari ukweli huo. Bila hivyo ataona dawa haifanyi kazi na kubadilisha tiba bure.

Nyumbani kwangu nina themomita mbili na boksi la glavu. Mwenye mgonjwa na hana, apite baada ya laasiri achukue, airudishe themomita akishanunua yake. Aje na pakiti ya dawa na daftari, tupange saa pamoja.

Wassalaam,
Bibi yenu, Mkomani, Lamu