Barua kwa mwanangu: nani anakaa kwenye droo?

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Bibi yako mguu umepungua uvimbe, jana alitoka barazani mwenyewe bila kushikwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kusema unaniambia, "Mama, nimekuelewa," nami najua hujanielewa.

Picha ilifika. Tangu magharibi naitazama. Bekari yako ya huko Dodoma imependeza, tanuri linang'aa, na wewe umesimama mbele kama mwenye mali kweli. Nimewaonyesha majirani wote, na aliyeiona mara moja nimemwonyesha mara ya pili. Nyuma yako wamejipanga watu wanne na aproni nyeupe: mwokaji, msaidizi wake, binti wa kaunta. Wa nne, nyuma ya droo ya fedha, mtoto wa marehemu mjomba wako.

Nani alikuambia umweke kwenye droo?

Usinijibu kwamba ni mimi. Ni kweli nilikupigia Ramadhani, mkaza mjomba wako akiwa amekaa hapa hapa ukumbini, nikakwambia kijana amekaa bure, umtafutie kazi. Nilisema kazi. Droo sikuitaja, na hata kama uliisikia hivyo, ile simu ihesabu haikupigwa.

Nianze na uliyoyafanya vizuri, usije ukasema mama yako anaona makosa tu. Huyo mwokaji umempata kwa njia ya kiutu uzima. Ulimwita usiku mmoja kabla ya kukubaliana naye, ukamwacha afanye kazi, ukakaa unamtazama, na asubuhi ukamlipa usiku wake. Wengi wanamfanyisha mtu "majaribio" siku tatu halafu wanamwambia aende, watampigia. Huo ni wizi, na wewe hukuufanya. Tena umeniambia kwamba kabla hajagusa maji alikuuliza unga ni wa kiwanda gani, na hamira aliipima kwa mizani badala ya kukadiria kwa kiganja. Hapo nilitulia. Unga haufanani: huu unakunywa maji mengi, ule machache, na mwokaji asiyeuliza mkate wake leo utakuwa laini, kesho utapasuka. Halafu ametoka Kondoa, hewa kavu ya huko anaijua. Ungemchukua mtu wa hapa Tanga, aliyezoea unyevunyevu wa bahari, angeliacha donge wazi mpaka liote ngozi juu, akashangaa kwa nini haliumuki.

Lakini mkataba wake umeandika? Unasema wanaanza saa 5 usiku ili mkate uwe tayari saa 11 alfajiri, kabla wafanyakazi hawajapanda magari ya kwenda ofisi za serikali kule Mtumba. Sawa, biashara iko hapo. Basi ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Usimpe kama hisani siku ukifurahi. Iandike. Na wiki ni saa 45, zikizidi ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu. Na huyo msaidizi wake, mbona sura yake ya kitoto? Umeona kitambulisho chake mwenyewe, au umeambiwa? Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya usiku. Kitazame, kisha mrudishie palepale. Nasikia huko kuna mabosi wanaofungia vyeti na vitambulisho vya watu kabatini. Usithubutu.

Sasa lile tangazo lako. Mdogo wako alinisomea, nikamwambia arudie, nikidhani amekosea kusoma. "Anahitajika binti mchangamfu mwenye mvuto, mshahara maelewano." Mwanangu, mvuto wa nini? Mkate uliochacha hauuziki kwa uso wa mtu. Na mama wa miaka arobaini na mitano, aliyeuza chai stendi nusu ya umri wake na anamjua kila mteja kwa jina, umemfukuza kwa neno moja hata kabla hajabisha hodi. Nilikuwa mimi huyo. Na "maelewano" maana yake nini? Maana yake mwenye shida zaidi ndiye atakayekubali kidogo zaidi, na mwenye shida hivyo siku akipata kwingine nyongeza ya elfu ishirini ataondoka bila kuaga, wala usimlaumu. Ungeandika kiasi. Zile jumbe 63 zilizokujia zingekuwa ishirini, na hao ishirini ungewasoma vizuri. Umesema uliwachagua kwa haraka kwa sababu fundi wa tanuri alikuwa anakusubiri. Fundi angesubiri.

Huyo binti wa kaunta simsemi vibaya, simjui. Ninachouliza ni kama ulifika alikokuwa akifanya kazi. Barua ya serikali ya mtaa haikwambii kitu kuhusu kazi ya mtu, inasema tu kwamba anakaa pale. Wadhamini atawaleta ndugu zake. Namba ya bosi wa zamani anaweza kukupa ya rafiki yake, na rafiki akasifu mpaka ukaona aibu kuuliza zaidi. Nenda mwenyewe. Agiza chai, kaa, tazama mahali penyewe palivyo, halafu umuulize mwenye mahali swali moja: akirudi leo, utampokea? Usimsaidie kujibu. Akisema "ndiyo" kabla hujamaliza, yatosha. Akianza kuzungusha kijiko kwenye kikombe, nayo yatosha.

Na wote wanne wapime afya kabla ya kufungua Jumamosi, warudie kila miezi sita, maana wanashika chakula cha watu. Gharama ulipe wewe.

Narudi kwenye droo.

Kijana mwenyewe simwiti mdokozi. Tangu aanze kuja kwangu hajachukua hata sindano. Ana adabu, anasali, hesabu zake shuleni zilikuwa nzuri kuliko zako. Shida yangu ni nyingine. Siku moja jioni utafunga hesabu, itakosekana elfu nane. Pengine chenji imekosewa, pengine mteja ameonyesha ujumbe wa uongo wa muamala na mtu akausadiki. Keshia yeyote utamuuliza: "Elfu nane iko wapi?" naye atajibu, mtatafuta pamoja, basi. Huyu utamuuliza? Kabla hujamaliza sentensi mkaza mjomba atakuwa amenipigia mimi, analia, kwamba mwanawe yatima ameitwa mwizi na dada yake. Kwa hiyo hutauliza. Utatoa elfu nane mfukoni mwako ukaijaza. Wiki ijayo itakuwa kumi na tano. Na binti wa kaunta anakuona, na mwokaji anakuona, na kila mmoja anajifunza kwamba bekari hii ina watu wa kuulizwa na wasioulizwa.

Kwenye droo anakaa mtu unayeweza kumuuliza. Sijui namna nyingine ya kukwambia.

Yule dada wa Lushoto, aliyekuwa kwenye droo ya hoteli yangu, sina haja ya kukusimulia, wewe ndiye uliyelia siku anaondoka, ukakataa kusukwa na mtu mwingine wiki nzima. Wewe unajua aliiba. Ndivyo nilivyokwambia, na ndivyo nilivyowaambia watu wa hotelini. Hesabu ilikuwa inapungua kila Ijumaa, nikajifunga kibwebwe, nikamtoa asubuhi mbele ya wateja, mkoba wake nikaupekua mezani. Hapakuwa na kitu ndani isipokuwa kitana na picha ya mama yake. Nikamweka mjomba wako kwenye droo, maana damu ni damu. Hesabu iliendelea kupungua, na sasa hapakuwa na binti wa kumsingizia. Mwezi wa tatu nikajua. Sikumuuliza. Alikuwa kaka yangu, alinilea, ningemuulizaje? Nikawa natoa mfukoni. Ile miaka ambayo ulikuwa unaniuliza kwa nini hoteli inajaa watu na ada haipatikani, ndiyo hiyo.

Baadaye sana nikaja kusikia redioni kwamba mtu hafukuzwi bila sababu na bila kusikilizwa, kwamba angeweza kunipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwamba alikuwa na siku 30 tu tangu nilipomtoa. Yeye hakuzijua hizo siku. Wala mimi. Nilipata namba ya ndugu yake mwaka juzi. Sijapiga. Mungu amrehemu mjomba wako, sitaki uongeze neno juu yake, na mkaza mjomba haya hayajui na asiyajue.

Basi fanya hivi. Kijana usimfukuze, hana kosa, na umeshamwita kutoka kwao. Mtoe kwenye droo kabla ya Jumamosi, umweke na mwokaji ajifunze kazi ya mikono. Mwambie ukweli kwamba ndugu wa damu hashiki fedha kwako, hata mdogo wako akija, hata mimi. Akichukia, bora achukie sasa. Na mwandikie mkataba kama wenzake, mshahara uleule, asiwe wa kupewa nauli leo na shati kesho. Mkaza mjomba niachie mimi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimeshalia vya kutosha.

Droo mpe yeyote utakayemwona anafaa, lakini usimtegee. Wapo wanaodondosha noti ya elfu kumi sakafuni makusudi waone kama itarudishwa. Unamtia mtu majaribuni halafu unajiita mjanja. Weka utaratibu wa kumlinda: asubuhi mnahesabu chenji wawili, mnaandika, wote mnatia saini. Mikate iliyotoka tanurini anaiandika mwokaji, si keshia. Jioni mnatoa iliyobaki, iliyoungua, na iliyoliwa na wafanyakazi, kwa maana watakula, acha wale, iandike tu. Hesabu iliyosalia lazima ilingane na fedha. Malipo ya simu, keshia aangalie simu ya duka, asiangalie simu ya mteja hata mteja awe shekhe. Ikipungua, inajulikana jioni ileile, na mtu asiye na kosa ana daftari la kumtetea. Yule dada hakuwa na daftari.

Na andikisha watu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, mapema. Ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yao isizidi kumi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pia, tanuri linaunguza na mashine ya kukandia haina huruma na vidole. Utasema wanne ni wachache. Mimi kwa miaka 19 sikumwandikisha mtu hata mmoja, na wale waliozeeka na mimi pale jikoni wengine nawaona sokoni wakiuza mchicha kwa mafungu. Wananisalimia vizuri. Ni mimi ninayepita haraka.

Ukimwondoa kijana utabaki na pengo, najua, na Jumamosi imekaribia. Kaa wewe kwenye droo mwezi wa kwanza. Utachoka, lakini utajua mkate gani unaisha saa ngapi na nani anakopa. Ndivyo nilivyoanza. Kosa langu nilinyanyuka mapema.

Mengine ni ya nyumbani. Mfereji wa bati upande wa jikoni umeoza, fundi anataka elfu sitini, nimemwambia asubiri mvua zipite. Mdogo wako mtihani wa kidato cha nne ni Novemba na bado anashinda uwanjani, mpigie wewe, mimi hanisikii. Zile laki tatu za shangazi yako nimeshazilipa, usitume kitu, weka kwenye unga. Bibi yako anauliza kama Dodoma kuna samaki. Nimemwambia wapo wa bwawani, amesikitika sana kwa ajili yako.

Kesho basi la alfajiri linakuletea kiroba: nazi kumi, ubuyu wa mdogo wako wa kike mpelekee chuoni, na ile mizani yangu ya hotelini. Inapima sawasawa, nimeijaribu kwa pakiti ya sukari. Konda anaifahamu namba yako, yeye atakupigia akifika. Mizani nimeifunga ndani ya kanga ya kijani. Kanga irudi, ni ya bibi yako, amekuazima kwa shingo upande.

Nijibu kuhusu droo kabla ya Jumamosi. Usitume picha, nipigie.

Mama yako