Pamoja na kuhesabu matetemeko, tupime kasi ya mawimbi chini ya Nyiragongo

Bwana Mhariri,

Kila ardhi inapotikisika hapa Goma, tunaulizana matetemeko yamekuwa mangapi tangu usiku. Ni swali la haki, lakini tarehe 22 Mei 2021 ilionyesha kwamba halitoshi, kwa sababu mitetemo ya kutahadharisha ilionekana wazi kwenye mitambo muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka katika volkano ya Nyiragongo na kuteremka hadi Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji.

Ipo njia nyingine, ambayo haingojei tetemeko. Ardhi haitulii kamwe: mawimbi ya bahari za mbali, upepo, Ziwa Kivu lenyewe na malori ya barabara ya Sake huitikisa mchana na usiku, kwa kiasi ambacho mtu hahisi. Wataalamu hulinganisha mtikisiko huo kama ulivyorekodiwa na vituo viwili kwa muda mrefu, na humo hupata muda ambao wimbi hutumia kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hesabu hiyo ikirudiwa siku hadi siku na wimbi likaanza kuchelewa, hata kwa sehemu moja tu ya elfu, huenda nyufa zinafunguka ndani ya mwamba kwa kusukumwa na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Katika mlima Piton de la Fournaise, kisiwani Réunion, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kasi ya mawimbi ikipungua kwa kiasi kidogo sana, cha karibu asilimia 0.05, kabla ya milipuko.

Nyiragongo si Piton de la Fournaise. Mwaka 2021 ziwa la lava lilikuwa tayari limejaa ndani ya kreta, yaani shimo la kileleni, na magma iliyo karibu hivyo na uso wa ardhi yaweza kutoka bila kusukuma mwamba sana. Mvua zetu nazo, zikilowesha ardhi, hubadilisha kasi ya mawimbi. Kwa hiyo atakayetuahidi kutabiri siku ya mlipuko kwa kipimo hiki, tusimwamini.

Naona faida yake kubwa zaidi katika siku zile zilizofuata mlipuko, matetemeko yalipohamia kusini chini ya mji hadi ziwani, na tarehe 27 Mei sehemu ya mji ikaamriwa kuhama, watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Rwanda. Kilichotakiwa kujulikana wakati huo ni kama magma iliyo chini ya nyumba zetu ingali inasogea. Kipimo cha kasi kingeweza kuongeza ushahidi juu ya hilo, mradi kuwe na kumbukumbu za miaka iliyotangulia za kulinganishia.

Kumbukumbu hizo ndizo zinazokatika betri au paneli ya jua ya kituo inapoibwa, na saa ya mtambo ikikosea kidogo tu, kuchelewa kwa wimbi hakusomeki tena. Naomba serikali na wafadhili wasilipie vituo hivi kwa miradi ya miaka michache, bali kila mwaka, pamoja na walinzi wake.

Nawe, Bwana Mhariri, kila unapochapa taarifa ya hali ya volkano na rangi yake ya tahadhari, utuandikie pia ni vituo vingapi vilikuwa vikifanya kazi wiki hiyo. Rangi ya manjano inayotokana na vituo viwili haina uzito sawa na ile inayotokana na vituo kumi.

Msomaji wako,
Mwalimu wa fizikia, Himbi, Goma