Mkifundisha kilimo hai shuleni, mlinzi naye aitwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu semina za kilimo hai (kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani) zinazotolewa kwa walimu ili waanzishe bustani za mboga pamoja na wanafunzi. Semina zenyewe ni jambo jema. Tatizo ni nani anaitwa, na anafundishwa kwa muda gani.

Mara nyingi huitwa mwalimu mmoja kwa kila shule. Hukaa ukumbini siku tatu, akarudi na cheti na kabrasha. Mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyoozeshwa kwenye rundo, huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu kuiva, kwa hiyo siku ya tatu ndiyo kwanza rundo linaanza kupata joto. Mwalimu huyo amejifunza mboji ya kwenye picha. Uhamisho ukitoka, kila alichojifunza kinaondoka naye.

Wafundishwe watu watano: walimu wawili (mmoja awe anapenda jembe kwa hiari yake, hata kama somo lake ni Kiswahili), mpishi, mlinzi na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Mpishi ndiye anayejua sufuria inameza mboga kiasi gani. Mlinzi ndiye anayebaki shuleni likizo ya Juni na ya Desemba. Badala ya siku tatu mfululizo ukumbini, mkufunzi aje shuleni mara sita katika muhula: kujenga rundo, kuligeuza wiki ya 3 na kuchimba matuta, kugeuza tena wiki ya 6, kupanda mboji ikishaiva, kukagua wadudu, na kuvuna. Afisa ugani wa kata anaweza kuifanya kazi hii akiwezeshwa nauli.

Somo la kwanza ni kuzima moto. Kila asubuhi wanafunzi hufagia uwanja, wakakusanya majani makavu na nyasi zilizofyekwa, kisha vyote vikachomwa nyuma ya madarasa. Hiyo ndiyo mbolea ya shule inayopaa na moshi. Rundo lianze na matawi membamba chini ili hewa ipite, halafu tabaka la majani makavu la sentimita 20, la majani mabichi sentimita 10, samadi sentimita 5, na majivu kidogo ya jikoni. Kila tabaka linyunyiziwe maji. Rudia mpaka kimo kifike mita 1.2, upana na urefu mita 1.5 kila upande. Rundo dogo kuliko mita moja halishiki joto, na mbegu za magugu hubaki hai. Ndago, yale magugu yenye viazi vidogo kwenye mizizi, zisitiwe kabisa.

Mti mnyoofu uchomekwe katikati ya rundo. Baada ya siku nne au tano uchomolewe na kushikwa: ukiwa wa moto na unyevu, mambo yanakwenda. Ukiwa mkavu na una ukungu mweupe, maji yamepungua. Ukinuka uvundo, maji yamezidi au rundo limeshindiliwa, basi ligeuzwe na kuongezwa majani makavu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma mti huo na kuandika kwenye daftari la bustani.

Sasa hesabu, ambayo semina nyingi huiruka. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akipata gramu 50 za mboga mbichi, inahitaji kilo 20 kwa mlo mmoja. Mara mbili kwa wiki ni kilo 40. Kwa kadirio la chini la kilo 1 ya mchicha kwa mita mraba kila mkato, na mkato kila wiki nne, panatakiwa mita mraba 160. Wakati wa kiangazi kila mita mraba hutaka takriban lita 4 za maji kwa siku, yaani lita 640, ndoo 32. Shule inayotegemea vidumu vya watoto haina maji hayo. Ianze na matuta manne ya mita 1 kwa 10, ambayo ni ndoo 8 kwa siku, na rundo moja la mboji linayatosha, ndoo moja kwa kila mita mraba. Walimu hupenda kuanza na ekari nzima ili mgeni rasmi aone. Ekari hiyo hukauka mgeni akishaondoka.

Upana wa mita 1 nimeutaja makusudi. Tuta la mtu mzima huwa mita 1.2, lakini mkono wa mtoto haufiki katikati, kwa hiyo hulikanyaga, na udongo ukishakanyagwa mizizi haipenyi. Sehemu kavu kama Dodoma, sehemu ya kupandia ishuke sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi ili maji yakae. Kwenye mvua nyingi, iinuliwe.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na watoto huzisukuma kwa kidole mpaka zinazama. Zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe kwenye mistari ya sentimita 20, zifunikwe kwa udongo wa nusu sentimita tu. Wakati wa kuvuna, shina likatwe sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, lising'olewe, litachipua tena.

Kwenye wadudu kuna kosa la hatari. Wengine hufundisha kwamba dawa ya asili haina madhara. Maji ya tumbaku ni sumu inayopenya kwenye ngozi, na yanaweza kuambukiza nyanya virusi. Yasiingie shuleni. Mwarobaini unatosha: kilo 1 ya majani yaliyotwangwa, lita 5 za maji, ilale usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa, itiwe kipande kidogo cha sabuni ya mche. Ipigwe jioni, maana jua huiharibu. Haiui papo hapo, huwafanya wadudu waache kula, kwa hiyo anayekagua kesho yake ataona vidukari wako palepale na kusema dawa ni bure. Arudie baada ya siku tano hadi saba.

Kuna shule ambazo aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi hupelekwa bustanini kupalilia. Mtoto akishaliona jembe kama fimbo, hata mafunzo ya mwaka mzima hayatamgeuza. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, haikukusudia hivyo. Adhabu itafutiwe mahali pengine.

Tukirudi kwa mlinzi: wiki tatu za mwisho wa muhula pasipandwe mchicha. Pakae matembele na maboga, juu yake matandazo ya nyasi kavu ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse mashina. Mlinzi amwagilie kila siku ya pili, na kamati iandike kwenye muhtasari wake kwamba mboga za likizo ni zake kuchuma. Yasipoandikwa, ataitwa mwizi Januari.

Mdau wa kilimo hai,
Morogoro