Nisaini karatasi ya mwenye lori?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama lishe hapa Iringa. Mwaka juzi kaka yangu alipanda basi la usiku kwenda Kariakoo kufuata mzigo. Hakuvuka mlima Kitonga. Kwenye kona moja ya mteremko kulikuwa na lori limekatika ekseli tangu jioni, limeziba upande mzima, na alama yenyewe ni matawi ya miti. Matawi! Shemeji aliyewahi kufika anasema pembetatu aliiona kwenye kabini, bado imo kwenye boksi lake. Basi likalivaa lori. Hata watu hawajaanza kushuka, semi trela la shaba likateremka bila breki na kulivaa basi kwa nyuma. Kaka alikuwa siti ya mwisho kabisa.

Sasa wote watatu wanarushiana mpira. Dereva wa basi alifariki palepale, kesi yake ikaishia hapo, na tajiri wake ananiambia, "Mkosaji mmeshamzika, mnanidai nini mimi?" Mwenye semi anasema breki kufeli ni mipango ya Mungu. PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, ninayo: inalaumu lori na basi, semi imetajwa tu.

Mwenye lori ndiye aliyekuja nyumbani, na wazee wawili, mchele gunia moja, shilingi milioni 2 na karatasi. Imeandikwa kwamba tumepokea mkono wa pole na "hatutadai tena popote wala kwa mtu yeyote". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoninyima usingizi. Nikisaini, nimemsamehe yeye peke yake, au na wale wawili pamoja na bima zao?

Mama anataka tupokee, maana watoto wa marehemu wanadaiwa ada. Wifi hataki hata kuisikia. Msimamizi wa mirathi ni mimi, Mahakama ya Mwanzo ilinithibitisha, kwa hiyo lawama zitanirudia mimi vyovyote vile.

Karani mmoja kanidokeza kuwa mwajiri hubeba kosa la dereva wake aliyekuwa kazini hata kama dereva amekufa, na kwamba madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Imebaki miezi 7. Je, niwashtaki wote watatu kwa pamoja, hata kama sijui ni gari lipi hasa lililomuua? Na ule mchele tulioupika, utahesabiwa kuwa tumekubali?

Nijibu mapema tafadhali. Karatasi nimeiweka chini ya kopo la sukari, na mwenye lori kasema atapita Jumamosi.

Dada wa marehemu,
Iringa