Tuandike lupu kwanza, fremuweki baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wenzangu wanaotengeneza ajenti za AI, yaani programu zinazotumia AI kufanya kazi zenyewe, maana kwenye magrupu yetu kila siku ni ubishi tu, fremuweki, yaani msingi uliotengenezwa tayari wa kujengea ajenti, iwe LangChain au CrewAI, lugha ya kuandikia programu iwe Python au TypeScript, watu wanarushiana maneno kama Simba na Yanga na ajenti yenyewe bado haijafanya hata kazi moja.

Mi yalinikuta. Duka moja la vipuri Kariakoo walinipa kazi, wanataka ajenti ya kujibu wateja na kupunguza stoki oda ikikubaliwa. Nikabeba fremuweki kubwa, siku mbili tu demo tamu. Kuanza kazi sasa, zinauzwa plagi nne za pikipiki, stoki inapungua nane! Nimekesha natafuta, kumbe intaneti ikizubaa ile fremuweki inarudia yenyewe kuita kazi ileile, na mimi ile sehemu sikuiandika kwa hiyo hata sikujua ipo.

Nikafuta yote nikaandika lupu mwenyewe, yaani mzunguko unaorudia hatua zilezile. Unaipelekea modeli, ile AI yenyewe inayojibu, ujumbe na orodha ya kazi inazoruhusiwa kuomba, ikiomba moja unaifanya, unairudishia majibu, mnaenda hivohivo mpaka imalize. Haikufika mistari mia. Kila oda nikaipa namba yake, ikija mara ya pili inakataliwa.

Afu hizi fremuweki zinabadilika sana. LangChain imetoka 2022, kufika 2024 wenyewe wameleta fremuweki nyingine, LangGraph, na kuwaambia watu wahamishie ajenti huko, waliokuwa wamejenga juu ya ile ya kwanza wakaanza kufumua. Sisemi hazina kazi, ajenti inayosubiri bosi aidhinishe malipo siku tatu lazima ikumbuke ilipoishia, na hapo LangGraph inakuokolea muda mwingi.

Lugha ndo isitugombanishe kabisa. Python ina maktaba nyingi, sawa, ila modeli inakimbia kwenye seva za watu huko, programu yako muda mwingi imekaa inasubiri jibu, spidi ya lugha itakusaidia nini? Mfumo wa duka ukiwa wa PHP au TypeScript baki humohumo.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo, kabla ya fremuweki yoyote mwacheni mwanafunzi aandike lupu yake, afu mzime intaneti katikati ya oda ahesabu stoki imebaki ngapi.

Fundi programu,
Ilala, Dar es Salaam