Usimpime kwa sari yake

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema mama mwenye nyumba wenu hapo Pune, India, anavaa sari ya kizamani, lakini ni mhandisi, anaendesha skuta, ana wanaume chini yake kazini, na juzi kafunga kutwa na kuuzungushia mti uzi, akimwombea mumewe umri mrefu. Ukauliza, "Sasa huyu kasoma nini?"

Swali hilo limenichoma, maana nami niliwahi kuliuliza nilipoishi hapo hapo Pune. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa karani wa benki. Kila asubuhi nilimtazama akijifunga sari, mita tano na nusu za kitambaa. Pini kazibana mdomoni, vidole vinakunja marinda, moja juu ya jingine, kisha anayachomeka yote kiunoni kwa mkupuo mmoja. Huyoo, basini. Nilimwonea huruma.

Siku moja akanifungulia kasha la dhahabu yake. Akaniambia hii ni stridhan, mali ya mke, na kisheria mume hana chake humo. Nikamuuliza, je, nyumba ya baba yako? Akafunga kasha taratibu. Nyumba walichukua kaka zake. Mpaka mwaka 2005 ndipo sheria ya urithi ya Wahindu iliporekebishwa kwa nchi nzima, binti akapewa haki sawa na mwana katika mali ya ukoo.

Na kuna mahari. Kwetu Tanga anatoa mume; huko anatoa baba wa binti, na wapo wanaoingia madeni. Ilipigwa marufuku tangu 1961, lakini bado inapita, siku hizi ikiitwa zawadi. Hasira yako ipeleke huko, mwanangu. Uzi wa mtini haujamnyima mtu shule.

Mji huo unaoishi ndio alikofundisha Savitribai Phule. Mwaka 1848 yeye na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana. Akipita njiani watu wakimrushia matope na kinyesi cha ng'ombe, naye akawa anabeba sari ya pili, abadilishe akifika, asomeshe. Sari hiyo hiyo unayoiita ya kizamani.

Mwamkie mama huyo kwa niaba yangu. Akikukaribisha chai, kaa naye, usikimbilie simu. Mkishazoeana, muulize kwa adabu kwao nyumba ya baba iligawanywaje.

Mama yako,
Tanga